Ganzi Baada ya Upasuaji wa Rovu: Si Pepo, Wala Si Kifafa



Mama mmoja wa sharika zetu za upande wa Kondoa, ambaye hatutamtaja jina, alifanyiwa upasuaji wa rovu katika hospitali moja iliyo mbali na kwao. Rovu hilo alikaa nalo zaidi ya miaka 20 akilifunika kwa khanga, mpaka lilipoanza kumbana pumzi kila anapolala chali. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda kilikuwa safi, sauti yake ilikuwa ile ile, na siku ya pili aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na vidonge vya maumivu na karatasi ambayo hakuna mtu katika familia aliyeielewa.

Akiwa ndani ya basi, ncha za vidole zilianza kufa ganzi na midomo ikawa inachomachoma kama ya mtu aliyetafuna pilipili. Alidhani ni upepo wa dirishani. Usiku uliofuata mikono yote miwili ilijikunja, akashindwa kushika kikombe cha uji. Alfajiri alianguka na kutetemeka mwili mzima. Ndugu walikaa kikao. Mmoja alisema ni kifafa, mwingine akasema ni pepo aliyempata huko hospitalini. Mwinjilisti wetu aliitwa kuomba. Aliomba, kama ulivyo wajibu wake, na alipomaliza kuomba akatafuta pikipiki akampeleka mama yule zahanati. Tunamshukuru Mungu kwa maombi yale, na kwa pikipiki ile.

Zahanati waliposikia kwamba mgonjwa ana kidonda kipya na anakakamaa, wazo la kwanza lilikuwa pepopunda. Lakini tabibu alipomfunga mkanda wa kupimia presha na kuujaza upepo, mkono ukajikunja mbele ya macho yake: kiganja kikainama, vidole vikanyooka na kubanana pamoja, kidole gumba kikaingia ndani. Tabibu yule alikuwa amewahi kusoma habari hiyo chuoni. Alijua kwamba damu ya mama huyu imepungukiwa madini ya kalsiamu, na hakupoteza muda kumpatia rufaa.

Tumeomba ruhusa ya mama huyo kuyaandika haya, kwa sababu tunaamini wako wengine ambao mkanda wa presha haukuwafikia. Tumejaribu kueleza kwa lugha ya kawaida jinsi tatizo hili linavyotokea, ili wainjilisti, parish workers, wahudumu wa afya wa vijijini na ndugu wa wagonjwa walitambue mapema.

TEZI NNE NDOGO NYUMA YA TEZI KUBWA

Rovu ni kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya shingo, ambayo wataalamu huiita thairoidi. Nyuma ya tezi hiyo, zikiwa zimeegemea kabisa mgongoni mwake, zipo tezi nyingine ndogo sana. Kwa watu wengi huwa ni nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Huitwa parathairoidi, maana yake ni tezi zilizo kando ya thairoidi. Pamoja na ujirani huo, kazi zao ni tofauti kabisa. Thairoidi huongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Hizi ndogo hulinda kiasi cha kalsiamu katika damu.

Wengi wetu tunafahamu kalsiamu kuwa ni madini ya mifupa na meno. Hiyo ni kweli, lakini kiasi kidogo kilichomo ndani ya damu kina kazi ya kutuliza mishipa ya fahamu na misuli. Kikipungua, mishipa ya fahamu huanza kutoa amri bila kuamriwa: vidole vinachomachoma, misuli inajikaza yenyewe, na hali ikizidi mgonjwa hupata degedege hata kama ni mtu mzima. Misuli ya koo nayo inaweza kubana njia ya hewa, na moyo ukapoteza mapigo yake ya kawaida. Hapo ndipo mtu anaweza kupoteza maisha.

Tezi hizi hulinda kiwango hicho kwa kutoa homoni ambayo hufanya kazi tatu. Huichukua kalsiamu kutoka kwenye ghala lake, yaani mifupa. Huziagiza figo zisiipoteze kwenye mkojo. Tena huzifanya figo ziigeuze vitamini D kuwa katika hali inayoweza kufanya kazi, ili utumbo uweze kufyonza kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Msomaji aishike hii kazi ya tatu, kwani tutairudia tutakapofika kwenye dawa.

Habari ya jinsi tezi hizi zilivyogunduliwa inatufurahisha, hivyo mtuvumilie kidogo. Mtaalamu wa Uingereza, Richard Owen, aliziona kwa mara ya kwanza katikati ya karne ya 19 alipokuwa akipasua mzoga wa kifaru wa India aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1880 mwanafunzi wa udaktari, Ivar Sandström, alizieleza kwa binadamu. Alikuwa akisoma Uppsala, mji ambao Walutheri wengi wanaufahamu kuwa ni makao ya Askofu Mkuu wa Kanisa la Sweden. Wakati huo hakuna aliyejua kazi yake ni nini.

Matokeo ya kutojua yalionekana kwa wagonjwa. Katika miaka hiyo hiyo madaktari wawili walikuwa maarufu kwa kuondoa rovu: Theodor Billroth mjini Vienna, na Theodor Kocher mjini Bern, Uswisi. Baadhi ya wagonjwa wa Vienna walikakamaa mikono na kupata degedege siku chache baada ya upasuaji. Wagonjwa wa Bern hawakupata sana shida hiyo, bali wengi wao walivimba uso na kupooza akili polepole kwa sababu thairoidi yote ilikuwa imeondolewa. Baadaye daktari wa Marekani, William Halsted, aliyewahi kuwaona wote wawili wakifanya kazi, alitoa maelezo yake. Kocher alipasua taratibu, bila damu nyingi, akiondoa thairoidi peke yake. Billroth alikuwa na haraka, na tezi ndogo ziliondoka pamoja na kubwa. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, na ni mwaka huo huo watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba kukakamaa huko hutulizwa kwa kalsiamu.

JE, DAKTARI AMEKOSEA?

Hili ndilo swali la kwanza la ndugu, na mara nyingine huulizwa kwa hasira. Jibu letu ni kwamba mara nyingi hapana. Tezi hizi zina rangi inayokaribiana na mafuta ya shingoni, na hazikai mahali pale pale kwa kila mtu. Mishipa inayozilisha ni myembamba mno. Hata daktari bingwa mwenye mkono mwepesi anaweza kuziacha zote mahali pake, lakini zikapoteza damu kwa muda na kulala kama mmea uliohamishwa juani. Hatari huongezeka pale rovu linapokuwa kubwa sana, linapokuwa limeshuka ndani ya kifua, linapokuwa na saratani, au mgonjwa anapopasuliwa shingo kwa mara ya pili. Huongezeka zaidi pale thairoidi yote inapoondolewa badala ya upande mmoja. Tukiri kwamba wagonjwa wetu wa vijijini huchelewa, na rovu la miaka 20 si kazi ndogo kwa daktari yeyote.

Aidha, daktari akiona kwamba tezi ndogo imeondoka au imekosa damu, anaweza kuikatakata vipande vidogo na kuipandikiza ndani ya msuli wa shingo. Baada ya wiki kadhaa vipande hivyo huweza kupata damu na kuanza kazi tena. Wakulima wataelewa jambo hili kuliko sisi wa ofisini.

Ni vyema ikaeleweka pia kuwa kwa wagonjwa walio wengi tatizo hili ni la muda. Kati ya watu wanaoondolewa thairoidi yote, takribani mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu hupungukiwa kalsiamu kwa siku au wiki chache, kisha tezi huamka. Wanaobaki na upungufu wa kudumu ni wachache, watu kadhaa kati ya mia moja. Tatizo likipita miezi 6 hadi 12 bila kupona, huhesabiwa kuwa ni la kudumu.

Kosa, kwa maoni yetu, ni kumruhusu mgonjwa bila kupima kalsiamu na bila kumwambia kitu. Kalsiamu haishuki pale pale kwenye meza ya upasuaji. Kwa kawaida hushuka ndani ya siku moja hadi tatu au nne, na kwa mgonjwa wa vijijini hizo ndizo siku ambazo yuko njiani au ameshafika kwake. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa mjini ni kama kilometa 160 za barabara kuu, na kijiji chake bado kiko mbele. Masika hatuyasemi.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili ya kwanza ni ganzi au kuchomwachomwa kama kwa sindano kwenye ncha za vidole vya mikono, vidole vya miguu, na kuzunguka midomo. Mgonjwa akisema hivyo baada ya upasuaji wa shingo, asiambiwe apumzike. Hapo ndipo mahali pa kuanzia safari ya hospitali. Baadaye hufuata kubanwa misuli ya mikono na miguu, wasiwasi usio na sababu, na uso kucheza wenyewe. Mikono kujikunja, sauti ya kukoroma wakati wa kuvuta pumzi, au kuanguka na kutetemeka ni hatari kubwa, na mgonjwa hapaswi kulala nyumbani usiku huo.

Pepopunda kwa kawaida huanza kwa taya kubana, na mwili hubaki umekaza. Upungufu wa kalsiamu huanza kwa ganzi ya vidole na midomo, na mikono ndiyo hutangulia kujikunja. Kifafa nacho si ugonjwa unaoanza ghafla siku ya tatu baada ya kupasuliwa rovu. Anayesikia maelezo ya mgonjwa kwa utulivu atatofautisha.

Hapa tunaomba tuseme kwa unyenyekevu na watumishi wenzetu. Tunaamini katika maombi, na hatusemi asiombewe. Ila mtu mwenye kovu jipya shingoni, anayejikunja mikono, asifungiwe ndani siku tatu akikemewa. Ombeni mkiwa njiani, kama alivyofanya mwinjilisti wetu.

Kwa wenzetu wa zahanati, kipimo cha maabara cha kalsiamu huwa hakipo katika ngazi yenu, lakini mkanda wa presha upo. Ufungwe mkononi, ujazwe kupita kidogo presha ya juu ya mgonjwa, na uachwe kwa dakika tatu. Mkono ukijikunja kwa namna tuliyoieleza hapo juu, kalsiamu imeshuka. Usipojikunja na dalili nyingine zipo, bado apewe rufaa. Kama anaweza kumeza, apewe vidonge vya kalsiamu kabla ya kuondoka. Sindano ya kalsiamu glukoneti huingizwa kwenye mshipa wa damu taratibu sana, kwa dakika kumi au zaidi, moyo ukiangaliwa. Haichomwi kwenye msuli hata kidogo, kwani huozesha nyama. Jambo la mwisho, na hili limewahi kuleta madhara: mgonjwa asianzishiwe fenobabitoni au fenitoini na kurudishwa nyumbani akiitwa mgonjwa wa kifafa. Dawa hizo humaliza vitamini D mwilini, na tatizo lake litaongezeka.

DAWA ZA KILA SIKU

Mama yetu alipewa kalsiamu kwa mshipa, akapata nafuu siku hiyo hiyo. Familia ilishangaa. Mtu aliyekuwa akisemewa maneno ya kuagana asubuhi, jioni alikuwa ameketi kitandani akiulizia mbuzi wake. Mtihani ulikuja baadaye. Alipewa dawa za kutumia kila siku, akazitumia miezi mitatu, kisha akaacha kwa kuwa, kama alivyotuambia mwenyewe, "nilikuwa sina ninapoumwa." Ganzi ilirudi ndani ya wiki.

Hapa tunarudi kwenye ile kazi ya tatu ya homoni. Watu wengi hutushauri, kwa nia njema, kwamba mgonjwa wa aina hii anywe maziwa, ale dagaa na majani ya mbuyu, akae juani apate vitamini D. Vyakula hivyo vina kalsiamu kweli, majani ya mbuyu hasa, na hapa kwetu Ugogoni tumejaliwa. Asiache kuvila. Lakini bila homoni ya tezi zile ndogo, vitamini D ya juani na ya vidonge vya kawaida haigeuzwi vya kutosha, na kalsiamu ya chakula hupita tu. Ndiyo maana madaktari huandika vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kugeuzwa, kwa majina ya kalsitrioli au alfakalsidoli. Ni dawa ambazo hazipatikani katika kila duka la dawa, na bei yake ni mzigo kwa familia ya mkulima. Anayepata vidonge vya kalsiamu peke yake amepata nusu ya matibabu.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi ya dawa hizi bila mgonjwa kujua. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo ya kawaida, imezwe pamoja na chakula, kwani inahitaji asidi ya tumbo. Anayetumia omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo amweleze daktari, maana dawa hiyo hupunguza asidi, na ikitumika muda mrefu hushusha pia magnesiamu. Magnesiamu ikiwa chini, kalsiamu haipandi hata ukiimeza kwa wingi. Walioondolewa thairoidi yote hutumia pia thairoksini asubuhi kabla ya kula. Kati yake na kalsiamu zipite saa nne, vinginevyo thairoksini haifyonzwi vizuri. Mama yetu alikuwa akizimeza zote kwa mkupuo mmoja pamoja na chai, na hakuna aliyemkosoa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kuzidisha dawa nako kuna madhara: kalsiamu nyingi huishia kwenye figo na kufanya mawe. Kuiacha ishuke kwa miaka huleta mtoto wa jicho mapema. Kwa sababu hiyo kipimo cha damu hakikwepeki, na mgonjwa wa kudumu apimwe hata anapojisikia vizuri. Mjamzito apimwe mara nyingi zaidi.

KABLA HUJATOKA WODINI

Tunawashauri ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wa rovu waulize maswali haya bila woga: Je, kalsiamu imepimwa, lini, na imeonyesha nini? Ameondolewa tezi yote au upande mmoja? Dawa gani ni za muda na zipi ni za maisha? Akipata ganzi, ampigie nani simu? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa kwa Kiswahili. Wauguzi tuliozungumza nao walifurahi kuulizwa. Anayetoka mbali atafute ndugu au mwanausharika wa mjini wa kumpokea, akae karibu na hospitali mpaka siku ya nne au ya tano ipite. Nyumba zetu za wachungaji na wazee wa kanisa zimekuwa zikipokea wageni kwa mambo madogo kuliko hili.

CHUMVI

Wengine watauliza kwa nini bado kuna marovu wakati chumvi inawekwa madini joto. Ni swali la haki. Tangu katikati ya miaka ya 1990 nchi yetu imetaka chumvi ya kula iwekwe madini joto, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta wanafunzi wenye rovu ni karibu asilimia 7, wakati katika miaka ya 1980 walikuwa kama asilimia 25. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini rovu lililokwisha kuota mabonge kwa mtu mzima halinywei kwa chumvi, na yapo marovu yasiyotokana na chumvi kabisa. Pia bado inauzwa chumvi ya mawe kwenye magunia minadani ambayo haijawekwa kitu. Inunuliwe iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko na jua, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Mama yetu hakuwahi kukosa chumvi nyumbani, ila alikuwa akinunua ile ya gunia. Sasa anatumia kalsiamu mara tatu kwa siku pamoja na chakula, na alfakalsidoli. Mfuko wa diakonia wa usharika wake unamlipia nauli ya kwenda kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Daktari amemwambia tezi zake zinaweza bado kuamka, kwani mwaka haujaisha tangu apasuliwe. Karatasi yake ya dawa ameibandika ukutani karibu na kalenda ya Kanisa, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemsomea.